Breki ya Mkokoteni: Mwongozo wa Kujizoeza Kufikiri Kama Mvumbuzi

Mombasa haina upungufu wa watu wa kubuni. Pita Kongowea, pita Mwembe Tayari, ingia kwenye magereji ya malori kule Changamwe, utaona vifaa vilivyoundwa papo hapo na vinafanya kazi kila siku: mashine za kukunia nazi zinazozungushwa na mota, majiko ya madramu, vitoroli vya kuuzia kahawa. Kipaji kipo. Kinachotuangusha ni haraka. Kijana anapata wazo Jumatatu, Jumanne ameshalitangaza, Jumatano ananunua vyuma, na mwezi haujaisha kifaa kimelala uani kinashika kutu kwa sababu hakuna aliyekihitaji.

Ukisoma habari za wavumbuzi waliofanikiwa, unakuta jambo moja linajirudia: muda mwingi waliutumia kwenye kero yenyewe kuliko kwenye kuunda dawa yake. Hilo ni zoea, na mtu yeyote anaweza kujifundisha. Nitafuata mfano mmoja hatua kwa hatua, mkokoteni wa maji unaoteremka kuingia feri ya Likoni. Wewe weka kero yako mahali pake, iwe samaki wanaooza kabla ya kufika sokoni au joto la chumba cha mabati kule Bangladesh, Mikindani.

Hatua ya 1: Kaa na kero

Nenda kivukoni uangalie hesabu ya kazi yenyewe. Mitungi 20 ya lita 20 ni lita 400, yaani kilo 400 za maji matupu, mkokoteni haujahesabiwa. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, mzigo huo unasukuma kwenda chini kwa nguvu ya takriban kilo 40. Anayeizuia ni hamali mmoja, kwa visigino vyake na mgongo wake, chini pamelowa maji, na mbele yake kuna abiria wanaokimbilia feri na watoto mkononi.

Sasa tazama nyuma ya mkokoteni. Mingi ina kipande cha tairi kuukuu kimegongelewa mkiani. Hamali akitaka kupunguza mwendo huinua mipini ya mbele, mkia ukashuka, mpira ukasugua lami. Huo ni uvumbuzi kamili, na aliyeufanya hajulikani. Kila penye kero ya kweli utakuta kiraka cha namna hii: kamba iliyofungwa mahali pasipo pake, jiwe la kuzuia gurudumu, gunia lililokunjwa likawa mto wa bega. Kiraka kinakuthibitishia kwamba kero ipo na kwamba kuna mtu aliyekwishajisumbua kuipunguza. Usipoona kiraka chochote, jiulize kama kero hiyo ni ya watu au umeitunga mwenyewe.

Halafu uliza, lakini chagua swali. Ukimwambia hamali, "Kaka, ungependa breki ya namna gani?" atakujibu kwa adabu na hutaondoka na kitu. Muulize lililokwisha kutokea: "Mara ya mwisho mkokoteni ulipokushinda nguvu, ilikuwa wapi? Ulibeba nini? Ulifanyaje?" Mtu akisimulia jambo lililompata, mikono yake inaanza kuonyesha, na mikono hiyo ndiyo ya kuitazama. Ataonyesha namna anavyokaza kiwiko, namna anavyogeuza gurudumu liguse ukingo wa barabara. Usimsimamishe mtu na mzigo. Ngoja apumzike, akiwa na kikombe chake cha kahawa chungu, msalimie, keti, zungumza na mengine kwanza. Kalamu ibaki mfukoni, utaandika ukishaondoka.

Hatua hii haijaisha mpaka uweze kuandika kero kwa sentensi moja isiyotaja dawa. "Mkokoteni unahitaji breki ya mguu" tayari ni dawa. Kero ni hii: "Mtu mmoja hawezi kuzuia kilo 400 kwenye mteremko uliolowa, na mikono yake yote miwili ina kazi." Sentensi ya kwanza imekufungia mlango mapema. Ya pili imeacha milango mingi wazi.

Hatua ya 2: Weka daftari, na uandike hata yaliyoharibika

Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani, na watu wake waliacha maelfu ya madaftari ya michoro na majaribio. Lako liwe dogo, la kuingia mfukoni, na uandike kwa penseli, maana wino na jasho la Mombasa havipatani. Kila ukurasa uwe na tarehe, mchoro hata kama ni mbaya, na kile ulichokiona. Ulichokidhania kiandike pembeni, kitenge na ulichokiona.

Matokeo usiyoyataka ndiyo ya kuandika kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1968 Spencer Silver wa kampuni ya 3M alikuwa akitafuta gundi kali, akapata gundi dhaifu inayoshika na kubanduka bila kuacha alama. Angeweza kuitupa. Aliitunza na akaendelea kuisimulia kazini, hadi mwaka 1974 mwenzake Art Fry alipoona inaweza kushikilia vikaratasi vya kuwekea alama kwenye kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Vile vikaratasi vya rangi tunavyobandika ofisini vikaingia madukani Marekani yote mwaka 1980. Tangu gundi ipatikane hadi vikaratasi vienee madukani ni miaka 12, na muda wote huo kuna mtu alikuwa ameihifadhi.

Hatua ya 3: Tafuta mgongano uliojificha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Genrich Altshuller, mhandisi wa Muungano wa Kisovieti, alianza mwaka 1946 kuchambua hataza za wavumbuzi (hataza, au patent, ni haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi), nyingi mno, akitafuta zinafanana wapi. Aligundua kwamba nyuma ya tatizo gumu huwa kuna mgongano: kitu kile kile kinatakiwa kiwe na sifa mbili zinazopingana. Mtu wa kawaida hutafuta maelewano, akapunguza huku na kuongeza kule. Mvumbuzi hukataa maelewano. Hutafuta njia ya kupata sifa zote mbili kwa ukamilifu.

Chukua James Watt. Kuanzia mwaka 1763 alikuwa akihangaika na modeli ya injini ya mvuke ya Chuo Kikuu cha Glasgow. Silinda ya injini hiyo ilipokea mvuke wa moto, kisha ikamwagiwa maji baridi ndani ili mvuke ugeuke maji na kuvuta pistoni. Kwa hiyo silinda ilitakiwa iwe moto ili isipoteze mvuke, na iwe baridi ili mvuke ugeuke kuwa maji. Kila mzunguko sehemu kubwa ya makaa ilikwenda katika kuipasha moto upya silinda iliyopozwa makusudi. Wengine waliishi na hasara hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Watt aliitenganisha kazi: silinda ibaki moto daima, na mvuke ukapozwe kwenye chombo kingine kilicho baridi daima. Ukishaambiwa unaona ni jambo jepesi, lakini hakuna aliyeliona kabla ya kuutaja mgongano kwa jina lake.

Karibu na sisi, litazame jiko la makaa lenye kiuno ambalo wengi tunalo jikoni. Lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo likichukuliwa kutoka jiko la ndoo la Thailand. Bati ni jepesi na halivunjiki lakini linapoteza joto. Udongo wa kuchoma unatunza joto lakini ni mzito na unapasuka. Mafundi wakauweka udongo pale moto ulipo tu, nusu ya juu, na bati likabaki kwenye mikono na miguu. Makaa yanayookolewa ni kati ya theluthi na nusu, ukilinganisha na jiko la bati tupu.

Kwa hiyo jiulize maswali matatu. Je, sifa hizi mbili zinaweza kukaa mahali tofauti? Je, zinaweza kuja kwa wakati tofauti? Je, zinaweza kuja kwa hali tofauti, moja mzigo ukiwepo na nyingine mzigo usipokuwepo? Mgongano wa mkokoteni wetu uko wazi: breki inatakiwa ishike kwa nguvu, na haina mkono wa kuishika.

Hatua ya 4: Toa mawazo mengi kwanza, hukumu ije baadaye

Kaa na watu watatu au wanne barazani, mweke ukurasa mtupu, na mkatae kusimama kabla ya mawazo 20. Sheria ni moja: hakuna kusema "hiyo haiwezekani" mpaka orodha iishe. Mawazo 5 ya kwanza ni yale ambayo kila mtu angeyatoa. Yenye thamani huanza mnapochoka, mnapolazimika kuazima kutoka kwingine.

Kuazima si aibu. Ndugu Wright, waliokuja kuruka kwa ndege yenye injini, walikuwa mafundi wa baiskeli huko Dayton, Ohio. Wenzao wengi waliwaza ndege itakayojisimamia yenyewe hewani. Wao, kwa kuwa walijua baiskeli haisimami bila mtu wa kuiongoza, waliwaza ndege ambayo rubani anaishikilia kila dakika. Naye George de Mestral wa Uswisi alirudi matembezini mwaka 1941, mbwa wake amejaa mbegu za magugu zenye kushika manyoya. Akaziweka chini ya hadubini, akaona vikulabu vidogo, na kutoka hapo tukapata ile mikanda ya viatu vya watoto inayojishika.

Mombasa ina vya kuazima kila mtaa. Tuangalie breki za malori. Mwaka 1869 George Westinghouse alipata hataza ya breki ya treni inayotumia hewa: dereva akisukuma hewa bombani, breki zinashika. Tatizo likawa mpira wa hewa ukipasuka, breki hakuna. Miaka michache baadaye akaigeuza fikra juu chini: bomba lijae hewa muda wote, na hewa ikipungua ndipo breki zishike. Ajali yenyewe ikawa ndiyo inayoisimamisha treni. Malori yanayotoka bandari ya Kilindini yana fikra hiyo hiyo kwenye breki ya kuegesha: springi ngumu ndiyo inayokaza breki, na hewa kazi yake ni kuizuia isikaze. Muulize fundi wa trela Changamwe akueleze.

Rudi sasa kwenye mkokoteni. Sisi sote tulikuwa tunawaza namna hamali atakavyokaza breki. Geuza: breki iwe imekaza wakati wote, na kule kushika mipini ndiko kuifungua. Troli za mizigo katika viwanja vingi vya ndege hufanya hivyo, ukibonyeza mpini ndipo zinatembea. Hamali akiteleza na kuachia, mkokoteni unasimama wenyewe. Hatuhitaji tena mkono wa tatu, kwa maana mikono iliyopo inafanya kazi mbili. Jizoeze kugeuza swali kila unapokwama: kama nataka kitu kikae, ingekuwaje kingekaa chenyewe na kazi yangu ikawa kukiondoa?

Kabla ya kutoa shilingi, tafuta kama kuna aliyekutangulia. Espacenet na Google Patents, tovuti za kutafutia hataza, ni bure, na michoro yake inaeleweka hata kama maneno ni magumu. Ukikuta wazo lako limo, usife moyo. Hataza hulinda katika nchi ilikosajiliwa tu, na muda wake ukiisha kila mtu ana ruhusa.

Hatua ya 5: Jenga kwa taka, na kila jaribio lijibu swali moja

Usijenge mkokoteni. Jenga kile kidogo kinachoweza kukukatalia.

Mwaka 1901 ndugu Wright walichoka na mabawa yasiyobeba kama vitabu vilivyodai. Badala ya kuunda ndege nyingine nzima, walitengeneza sanduku la mbao lenye urefu usiofika mita 2, feni upande mmoja, na ndani wakapima vibawa vidogo vya bati vya maumbo kama 200. Takwimu walizokuwa wakizitegemea hazikufaa. Kwa vipimo vyao wenyewe wakatengeneza ndege isiyo na injini ya mwaka 1902 iliyotii, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa injini, safari ya kwanza ikiwa ya sekunde 12.

Swali letu la kwanza ni hili: mpira wa tairi unashika kiasi gani kwenye saruji iliyolowa? Kata kipande cha tairi, kiwekee juu uzito wa kilo 10, kifunge kwa kamba kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, na ukivute taratibu usawa wa ardhi. Soma mizani inapoanza kuteleza. Tuseme pakavu imesoma 6. Kila kilo 10 za kubana zinakupa kilo 6 za kuzuia, kwa hiyo kuzuia zile 40 za mteremkoni unahitaji kubana chini kwa takriban kilo 67. Mwaga maji ya bahari, vuta tena. Tuseme imesoma 3. Sasa unahitaji kilo 133, na springi uliyoifikiria haitoshi. Umejua hilo kwa kipande cha tairi na mizani ya kuazima, asubuhi moja, kabla hujamlipa fundi wa kuchomelea. Rudia na mafuta kidogo chini, rudia na mchanga, na mpira wa aina nyingine.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha mpira na springi kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichosaidia. James Dyson alifika modeli 5,127 kabla ya kuridhika na mashine yake ya kufagia kwa upepo isiyo na mfuko. Idadi hiyo inatajwa sana kusifia uvumilivu, lakini mimi naona somo lake liko kwenye utaratibu. Modeli elfu 5 zisizoandikwa tofauti zake zingekuwa hasara tupu.

Hatua ya 6: Acha kichwa kipumzike

Kama umekwama kweli, na umekwama baada ya kazi na si kabla yake, ondoka. Watt alipata jibu lake Mei 1765, akitembea Jumapili katika uwanja wa Glasgow Green. Nenda Lighthouse jioni, kula mihogo, usizungumzie mkokoteni. Daftari liwemo mfukoni tu.

Hatua ya 7: Mfuate fundi kwa heshima

Mchoro wako haujui chuma. Fundi anajua kipi kitapinda, beringi gani inapatikana Mwembe Tayari, na nini kitaliwa na chumvi ya bahari baada ya masika moja. Ukifika karakanani usianze na amri. "Shikamoo, mzee. Nina mchoro hapa, naomba unionyeshe utavunjikia wapi." Swali hilo linamfanya awe mshauri wako, na fundi mzuri hufurahi kuulizwa.

Dau la Flipflopi lilitengenezwa hivyo. Wazo la kuunda jahazi zima kwa plastiki iliyosindikwa upya lisingefika popote bila mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda, ambao ujuzi wao wa kuchonga mataruma, yaani mbavu za chombo, wameurithi. Plastiki haina tabia za mti, na mikono iliyozoea kusikiliza mti ndiyo iliyoweza kuisoma. Liliingia majini mwaka 2018, likiwa limepambwa kwa vipande vya ndala vilivyookotwa, na mwaka 2019 likasafiri kama kilomita 500 kutoka Lamu hadi Unguja.

Kama huna karakana, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, na Swahilipot Hub, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa, iko jirani na Fort Jesus. Vijana unaohitaji kukutana nao wako huko.

Hatua ya 8: Mpe mtumiaji, kisha nyamaza

Mpe hamali mkokoteni wenye breki yako kwa siku kadhaa za kazi halisi. Usimfundishe zaidi ya sentensi mbili. Usimtetee mtoto wako. Simama mbali uangalie: anaifunga kwa kamba ili isimsumbue kwenye njia tambarare? Basi breki yako ni nzuri mteremkoni na ni adui mahali pengine pote, na umerudi hatua ya 3 ukiwa na mgongano mpya. Anaitumia kuegesha mkokoteni akienda kula? Hukufikiria hilo, na huenda ndilo litakaloiuza.

M-Pesa ilizaliwa kwa kuangalia hivi. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliopewa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao kwa shughuli zao nyingine. Wahusika waliyafuata yale watu waliyokuwa wakiyafanya, na Safaricom ilipoizindua Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Hatua ya 9: Linda kabla ya kutangaza

Vijana wengi huweka video mtandaoni kwanza na kuuliza habari za hataza baadaye. Geuza mpangilio huo. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kukitangaza hadharani kunaweza kukunyima haki yako mwenyewe. Hapa Kenya maombi hupokelewa na KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuomba. Upo pia ulinzi mwepesi zaidi, wa miaka 10, kwa maboresho ya manufaa ambayo ni mapya ingawa hayana ugunduzi mkubwa, na kwa kifaa kama breki ya mkokoteni naona huo ndio wa kuanza nao. Jaza maombi na michoro inayoonyesha kila kipande kimeunganishwa vipi na kinafanya nini, eleza kero kwa ile sentensi yako moja, na kama fundi amechangia wazo na si kazi ya mikono tu, jina lake liandikwe pamoja na lako.